Maikrogrini bila udongo Arusha na Moshi: mwongozo kamili, kutoka mbegu hadi sahani

Maswali yanayonifikia kuhusu maikrogrini yanafanana mno. Ukungu umetanda kwenye trei siku ya tatu. Mbegu zimeota upande mmoja, upande wa pili kimya. Miche imerefuka, imekuwa ya njano, kisha ikalala. Na wako waliokuza vizuri kabisa, wakavuna, halafu wakazitumbukiza kwenye sufuria pamoja na nyanya na vitunguu zikachemka weee mpaka zikawa mlenda. Hao wa mwisho ndio wanaonisikitisha zaidi, kwa sababu shamba walilimudu, jikoni ndiko walikopotezea.

Maikrogrini ni miche ya mboga inayokatwa ikiwa na majani mawili ya kwanza, au jani halisi likiwa ndiyo linachungulia, kati ya siku 7 na 21 tangu kupanda. Unakula shina na majani. Mizizi na maganda ya mbegu hubaki kwenye trei. Watu wanazipendea vitamini C, E na K, karotenoidi, na polifenoli, yaani zile kemikali za mmea ambazo nyingi huitwa antioksidanti. Lakini sifa hizo haziji kwa sababu tu mche ni mdogo. Kila hatua hapa chini ama inaziongeza ama inazipunguza, na nitakuonyesha wapi.

## Andaa hivi kwanza

- Trei mbili kwa kila zao, moja yenye matundu na nyingine nzima ya kukaa chini yake. Zile nyeusi za maduka ya pembejeo, za takriban sentimita 27 kwa 54, ndizo nilizotumia kupimia mbegu hapa chini. Kama huna, kata dumu la mafuta ya kupikia la lita 5 kwa urefu, lioshe kwa sabuni mpaka utelezi uishe, toboa chini kwa msumari wa moto, liweke kwenye sinia. Mbegu nazo upunguze kulingana na eneo.
- Kitanda cha kuoteshea (maelezo yanafuata).
- Mbegu zisizotiwa dawa.
- Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka famasi. Soma lebo, maana zipo pia za asilimia 6.
- Kipimajoto cha jikoni, mzani mdogo, chupa ya kupulizia maji, mkasi mkali.
- Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, kwa kusafishia trei tu.
- Kitu kizito cha kilo 3 hadi 5, tofali lililofungwa kwenye mfuko safi linatosha.

### Kitanda

Kwa mbegu kubwa kama alizeti na njegere, tumia kokopiti, ule unga wa makumbi ya nazi unaouzwa ukiwa umegandamizwa kama tofali. Loweka, kamua, loweka tena, mpaka maji yanayotoka yawe karibu meupe. Makumbi mara nyingi huwa na chumvi, na chumvi hiyo huunguza ncha za mizizi michanga.

Kwa mbegu ndogo kama figili, haradali, chainizi na mchicha, kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa kinashinda kila kitu kwa usafi na kwa bei. Kunja tabaka mbili. Shuka kuukuu ni sawa. Kanga hapana, rangi zake ni za kuvaa.

Walioko Moshi wanaweza kuchukua maganda ya mpunga kwenye mashine za kukoboa kule upande wa Mabogini na Chekereni. Yakiwa mabichi hayashiki maji. Yachome mpaka yawe meusi bila kuwa majivu, yaoshe vizuri, kisha changanya nusu kwa nusu na kokopiti. Kasoro yake ni moja: vipande vyake hunasa kwenye miche na kukukera wakati wa kula.

Maranda ya fundi seremala achana nayo. Hujui mbao zilipigwa dawa gani.

### Mbegu

Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa hiyo nisome polepole. Mbegu nyingi za mboga dukani zimepakwa dawa ya kuzuia kuvu, na rangi ya pinki, nyekundu, bluu au kijani iliyokoza ndiyo alama yake. Dawa hiyo imekusudiwa mche utakaokaa shambani miezi, haikukusudiwa mche utakaouweka mdomoni siku ya nane. Kuosha hakuiondoi yote. Uliza muuzaji mbegu isiyotiwa dawa na usome pakiti mwenyewe, hasa maandishi madogo ya nyuma.

Njia rahisi zaidi ni kununua mbegu zinazouzwa kama chakula. Haradali, uwatu na giligilani zipo kwenye maduka ya viungo mjini. Alizeti na njegere kavu zipo kwa wauza nafaka wa soko la Kilombero, Arusha, na la Mbuyuni, Moshi. Mbegu za mchicha ambazo mama au bibi amezikausha nyumbani ni bora kuliko za pakiti. Kwa figili na kabichi nyekundu hutakwepa duka la mbegu, na Arusha imejaliwa maduka na kampuni za mbegu. Kituo cha kanda cha World Vegetable Center nacho kiko hapohapo, upande wa Tengeru, tangu 1992.

Usipande hizi hata kama mbegu unazo bure:

- Nyanya, pilipili, bilinganya, mnavu, viazi. Miche yake ina alkaloidi zenye sumu. Mnavu uliokomaa tunaupika, mche wake mbichi ni jambo jingine.
- Mtama. Miche michanga hutoa sianidi. Wafugaji wanaijua habari hii kwa ng'ombe wao.
- Maharage. Yakiwa mabichi yana lektini inayoleta kutapika na kuharisha vibaya.

### Maji

Maji ya visima na chemchemi nyingi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, na ndiyo inayoacha meno ya kahawia kwa waliokulia huko. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi haionekani, haina harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwenye sufuria, yenyewe inabaki na kuzidi kukolea.

Kanuni yangu ni fupi: maji usiyomnywesha mwanao usiyamwagilie maikrogrini, kwa sababu unakula mmea wote mbichi. Trei moja haimalizi maji mengi, kwa hiyo gharama si kisingizio. Maji ya mvua yana floraidi kidogo sana, ila yaliyopita juu ya bati lenye vinyesi vya ndege yachemshwe na kupozwa kwanza.

## Hatua ya 1: Jaribu mbegu kabla ya kupanda

Chukua mbegu 50, zitandaze kwenye tishu yenye unyevu, funika kwa sahani. Baada ya siku 3 hadi 5 (giligilani mpe siku 10) hesabu zilizoota. Zikifika 43 au zaidi, endelea. Zikiwa chini ya 35, tafuta mbegu nyingine.

Mbegu mfu haikai tu bila kazi. Inaoza, na kuvu huanzia hapo kisha ikahamia kwa majirani zake. Nusu ya kesi za ukungu ninazoonyeshwa zilianza na mbegu ya zamani iliyokaa dukani juani.

## Hatua ya 2: Ua vijidudu vya kwenye mbegu

Mwaka 2011 Ujerumani ilipata mlipuko wa bakteria aina ya E. coli ulioua watu zaidi ya 50, na uchunguzi ukaishia kwenye machipukizi ya uwatu. Machipukizi ni hatari kuliko maikrogrini, kwa kuwa huliwa na mizizi na mbegu zake na hukuzwa kwenye unyevu mtupu. Hata hivyo mbegu ni zilezile, na bakteria hujificha kwenye mikwaruzo ya ganda.

1. Pasha peroksaidi ya asilimia 3 kwenye sufuria ya bati lisiloshika kutu mpaka nyuzi 60 za sentigredi.
2. Tumbukiza mbegu zikiwa kwenye chujio, dakika 5. Zungushazungusha. Shikilia joto hilohilo.
3. Suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 1.
4. Zimwage kwenye bakuli la maji. Zinazoelea pamoja na makapi, tupa.

Joto likipanda sana utaua mbegu, likishuka utaacha bakteria. Kama huna kipimajoto usikisie. Suuza mbegu mara kadhaa, ondoa zinazoelea, na ukubali kwamba trei hiyo ina hatari zaidi ikiliwa mbichi.

Trei zenyewe zioshe kwa kijiko kikubwa kimoja cha klorini kwa lita moja ya maji, ziache dakika 10, suuza, anika.

## Hatua ya 3: Loweka zile tu zinazohitaji

Alizeti na njegere: saa 8 hadi 12. Giligilani: iponde kidogo chini ya chupa hadi kila punje igawanyike mara mbili, ndipo uloweke saa 6 hadi 8. Figili, kabichi, haradali, chainizi na mchicha hazihitaji. Rehani hata usijaribu, inatoa ute na kugandana yote kuwa bonge.

## Hatua ya 4: Andaa kitanda

Kokopiti iwe na kina cha sentimita 2 hadi 3, isawazishwe bila kushindiliwa. Ikamue mkononi: yakidondoka matone mawili matatu iko sawa, yakitiririka imezidi. Kitambaa kiloweshe, kikamue, kitandaze bila makunyanzi. Kwenye kunyanzi maji hutuama, na mbegu zinazokusanyika hapo ndizo zinazooza za kwanza.

## Hatua ya 5: Mwaga mbegu kwa kipimo

Kwa trei ya sentimita 27 kwa 54, uzito wa mbegu kavu:

- Figili: gramu 30–35
- Kabichi nyekundu, chainizi, haradali: gramu 15–20
- Mchicha: gramu 8–10
- Giligilani: gramu 25–30
- Alizeti: gramu 100–120
- Njegere: gramu 250–300

Watu huongeza "kidogo tu" ili wavune zaidi. Wanavuna pungufu, kwa sababu miche iliyobanana haipitishi hewa, mashina yanabaki na unyevu, na majani ya chini hayaoni mwanga. Mbegu ndogo zisipandane. Alizeti na njegere zinaweza kugusana, mradi zisilaliane.

Usifukie. Pulizia maji mpaka kila mbegu ing'ae.

Zao lifuate msimu na mji. Arusha, kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai ni baridi ya koti: panda figili, kabichi, haradali, njegere. Mchicha kipindi hicho utagoma, labda uuweke kwenye rafu ya jikoni karibu na jiko. Moshi iko chini zaidi, na kuanzia Januari hadi Machi joto lake linaangusha kabichi ila mchicha na alizeti hufurahi.

## Hatua ya 6: Giza na uzito

Funika kwa trei nyingine. Juu ya figili, alizeti na njegere weka ule uzito wa kilo 3 hadi 5. Mchicha usiuwekee uzito, funika tu. Uzito unalazimisha mzizi kushuka kwenye kitanda badala ya kutambaa juu, na unasaidia ganda kubanduka. Alizeti iliyooteshwa bila uzito hukupa kazi ya kubandua maganda moja moja, na hiyo ni adhabu.

Muda wa giza: figili na jamii ya kabichi siku 2–3, mchicha, alizeti na njegere siku 3–4, giligilani siku 5–7. Fungua asubuhi na jioni, pulizia kidogo kama pamekauka, funika.

Utajua umefaulu ukikuta miche imeinua trei ya juu, mirefu sentimita 3 hivi, ya njano, imesimama pamoja. Hapo ondoa kifuniko siku hiyohiyo. Wengine huongeza siku za giza ili shina lirefuke na mauzo yapendeze kwa macho. Shina hilo refu limejengwa kwa akiba ya mbegu huku majani hayajatengeneza chochote.

## Hatua ya 7: Mwanga, mahali lishe inapotengenezwa

Hii ndiyo hatua ya kuipa muda wako, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Mwanga unaolisha mmea pia unaudhuru. Ukizidi, ndani ya jani huzalishwa molekuli kali zinazoharibu seli, na mmea hujikinga kwa kutengeneza vitamini C, karotenoidi, vitamini E na polifenoli. Hizo antioksidanti tunazozisifia ni ngao ya mmea wenyewe. Mche uliofichwa kwenye kona ya sebule hauna sababu ya kuitengeneza ngao nene.

Ushahidi upo. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland na Wizara ya Kilimo ya Marekani walipima aina 25 za maikrogrini. Vikonyo vya njegere na miche ya mahindi ya bisi iliyokuzwa gizani, ile ya njano inayopendeza kwenye picha, ilikuwa dhaifu sana ukilinganisha na ya kijani. Kwenye vitamini C iliongoza kabichi nyekundu, miligramu 147 kwa gramu 100. Giligilani iliongoza kwa luteini, ile karotenoidi inayohusishwa na afya ya macho. Figili ya kijani iliongoza kwa vitamini E. Na mchicha mwekundu, huu wetu wa kudharauliwa, ukaongoza kwa vitamini K.

Sasa fanya hivi:

1. Siku ya kwanza nje ya giza, weka trei mahali penye mwanga usio wa jua kali. Ndani ya siku moja au mbili njano itageuka kijani.
2. Kuanzia siku ya pili au ya tatu, ipate jua la asubuhi, saa mbili hadi saa tano. Barazani upande wa mashariki panafaa. Jua la saa saba la Moshi litaunguza majani, tumia pazia jepesi au kivuli cha mti.
3. Geuza trei kila siku, miche inafuata mwanga na kuinama.
4. Siku mbili za mwisho kabla ya kuvuna ziwe za mwanga mwingi kuliko zote. Mvuno wa baada ya siku mbili za giza na mawingu ni bora uusogeze mbele siku moja.

Juni na Julai Arusha inaweza kushinda na mawingu siku nzima. Taa nyeupe ya LED ikining'inia sentimita 20 hadi 30 juu ya trei kwa saa 12 hadi 14 inafidia. Na baridi hiyo ina faida yake: ubaridi ukichanganyika na mwanga huongeza anthosayanini, rangi ya zambarau kwenye kabichi nyekundu na mchicha mwekundu, ambayo nayo ni antioksidanti. Ndiyo maana trei ya Arusha ya Julai inaweza kutoka na wekundu mkali kuliko ya Moshi ya Februari, mbegu ikiwa ileile.

Dalili za kufaulu: majani mawili yamefunguka tambarare, rangi imekoza, shina fupi na gumu. Shina likiwa refu, jembamba na leupe, sogeza trei kwenye mwanga leo, usingoje kesho.

## Hatua ya 8: Mwagilia kutoka chini, na ujue ukungu ni upi

Miche ikishasimama, acha kupulizia juu. Mimina maji ya sentimita moja kwenye trei ya chini, weka ya juu humo, subiri dakika 15 hadi 20, kisha mwaga yaliyobaki. Mara moja kwa siku inatosha Arusha. Moshi wakati wa joto ni mara mbili. Inua trei uone uzito wake, mkono utazoea haraka kuliko ratiba yoyote.

Sasa ule ukungu. Picha nyingi ninazotumiwa zenye kichwa "ukungu jamani" ni vinyweleo vya mizizi tu. Tofauti ni hii: vinyweleo vimeuzunguka mzizi mmoja mmoja kama manyoya mafupi, ni vyeupe safi, na ukipulizia maji vinalala na kupotea machoni. Ukungu wenyewe unatambaa kutoka mche hadi mche kama utando wa buibui, una kijivu, haupotei kwa maji, na trei inanuka uvundo.

Ukiwa ni ukungu kwenye eneo dogo, kata kipande hicho pamoja na kitanda chake ukitupe, punguza maji, washa feni ndogo au hamishia trei penye upepo. Ukiwa umefika robo ya trei, tupa yote. Usiiokoe kwa dawa ya shambani, maana mazao haya yanaliwa ndani ya wiki hiyo.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndiyo majira ya lawama. Punguza mbegu kwa karibu theluthi moja, mwagilia asubuhi tu, na usifunge madirisha.

Mbolea? Figili, kabichi, alizeti na njegere zinaishi kwa akiba ya mbegu mpaka mkasi unafika. Mchicha na giligilani, ambazo hukaa muda mrefu zaidi, hufaidika na mchanganyiko wa virutubisho vya kilimo cha maji bila udongo uliozimuliwa hadi robo ya kipimo cha pakiti, baada ya majani kufunguka. Urea usiiguse. Itakuletea majani laini yenye naitreti na kuvu kwa pamoja.

## Hatua ya 9: Vuna kwa wakati

Figili siku 6–8. Jamii ya kabichi 8–12. Alizeti 8–12, kabla jani halisi halijatokeza, kwani baada ya hapo inakuwa chungu. Mchicha 10–14. Njegere 10–14, na ukiikata juu ya kifundo cha chini inaweza kuchipua tena. Giligilani 18–21. Kwenye baridi ongeza siku kadhaa.

Usimwagilie kwa muda wa saa 8 kabla ya kuvuna. Kata asubuhi kwa mkasi uliosafishwa, sentimita moja juu ya kitanda. Trei nzuri ya figili hutoa gramu 200 hadi 300.

Ushauri wangu ni ukate unachokula mlo huo tu. Vitamini C huanza kupungua mara shina likikatwa, na trei yenyewe ni jokofu lisilotegemea umeme. Ukilazimika kuhifadhi, usioshe. Weka kwenye kopo lenye tishu kavu chini, kwenye nyuzi 4 hadi 5, na ule ndani ya siku 3 hadi 5. Osha dakika ya kula.

Kuna wanaozianika juani na kusaga unga, kisha wanauza kwa bei ya dawa. Vitamini C haihimili jua na hewa namna hiyo.

## Hatua ya 10: Sahani

Konzi ya gramu 20 ya kabichi nyekundu, kwa kipimo kile cha Maryland, ni kama miligramu 29 za vitamini C. Gramu 20 za mchicha mwekundu ni kama maikrogramu 80 za vitamini K, karibu mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Hiyo ni lishe ya kweli kutoka kwenye konzi moja. Lakini ile hadithi ya "mara 40 kuliko mboga za kawaida" ilihusu virutubisho fulani, kwa aina fulani, gramu kwa gramu, na hakuna anayekula bakuli zima la maikrogrini kama anavyokula mchicha wa kupikwa. Bakuli lako la mchicha libaki palepale. Konzi hii ni nyongeza. Anayekuambia inatibu kisukari au saratani anakuuzia kitu kingine.

Ziingie baada ya moto. Pakua mtori, kiburu au makande, kisha nyunyiza juu. Joto la chakula litazilegeza kidogo tu.

Jamii ya kabichi zitafunwe vizuri au zikatwekatwe. Figili, haradali, brokoli na kabichi zina glukosinoleti, kemikali za mmea ambazo hazifanyi kazi mpaka zikutane na kimeng'enya kilichotengwa ndani ya seli hizohizo. Kukata na kutafuna ndiko kunakovikutanisha, na ule ukali unaopanda puani ndiyo ishara. Moto unaua kimeng'enya. Mwaka 1997 watafiti wa Johns Hopkins walionyesha kuwa machipukizi ya brokoli ya siku 3 yana glukorafanini, mojawapo ya glukosinoleti hizo, mara 10 hadi 100 kuliko brokoli iliyokomaa, na hiyo ndiyo inayozaa sulforafani inayozungumzwa sana.

Weka mafuta kidogo. Karotenoidi, vitamini E na K huyeyuka kwenye mafuta. Parachichi la Kilimanjaro, karanga zilizopondwa au kijiko cha mafuta ya alizeti vinatosha.

Kula maikrogrini pamoja na maharage, chai isubiri. Vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya kwenye maharage na ndizi, na chai huyazuia. Ipe chai saa moja.

### Nani ajihadhari

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze wala asiache ghafla kula maikrogrini bila kumwambia daktari wake, kwa sababu vitamini K huathiri dawa hiyo. Mwenye historia ya mawe ya figo apunguze mchicha, una oksaleti nyingi. Wajawazito, watoto wadogo, wazee na wenye kinga dhaifu wale zilizopikwa. Watapoteza sehemu ya vitamini C, ila watakuwa salama.

## Baada ya kuvuna

Mizizi na kokopiti iliyobaki ipeleke kwenye mboji au uwape kuku waparuze. Usipande tena juu yake, maganda na mashina yaliyobaki ni chakula cha kuvu. Kitambaa kifue na kukichemsha, trei zirudi kwenye maji ya klorini dakika 10. Kwa familia ya watu wanne, panda trei ndogo mpya kila siku ya nne, ukipishanisha figili na mchicha, na daima kutakuwa na moja iliyofika wakati wa kukatwa.